Na Wale Ishirini?

Februari mwaka jana, watu wazima watano, wenye kazi na baadhi yetu wenye watoto, tuligombana usiku wa Jumamosi kwa sababu ya nguo za sultani aliyeishi Kilwa karibu miaka mia saba iliyopita. Mmoja wetu alisema sentensi moja, akanyamaza kidogo, akakata simu. Zilipita wiki tano kabla hatujaisikia tena sauti yake.

Ukisikia hivyo utadhani ni wanahistoria wanagombea hati za kale. Wala. Tulikuwa tunachagua kanuni za mchezo.

Nieleze kwanza sisi ni nani. Tulisoma chuo pamoja, enzi ambazo starehe yetu ilikuwa karata na dau lilikuwa sahani ya chipsi mayai. Baadaye kila mtu akashika njia yake. Nitawaita kwa kazi zao, kwa sababu hawajaniruhusu kutaja majina na mmoja wao anajua sheria. Mhandisi yuko Muscat, ambako shangazi zake bado wanaongea Kiswahili cha Unguja na kuwasimanga wajukuu wasiokijua. Nesi yuko Uingereza. Wakili yuko Nairobi. Mwalimu, dada yetu mkubwa kwa mwaka mmoja tu lakini hajawahi kuturuhusu tusahau, anafundisha historia sekondari huko Lindi, na kwao ni Kilwa Kivinje. Mimi ni mwandishi wa habari, niko Dar.

Mwaka 2020, corona ilipowafungia Nesi na Mhandisi ndani, tukaanza kukutana mtandaoni kila Jumamosi. Saa tatu usiku kwetu na Nairobi, saa nne Muscat, jioni Uingereza. Maongezi matupu yaliisha baada ya mwezi mmoja. Kuna kikomo cha mara unazoweza kumuuliza mtu "huko mnaendeleaje". Ndipo Mhandisi akaleta michezo ya kuigiza wahusika. Kwa usioujua: mtu mmoja anakuwa mwamuzi, anasimulia dunia ilivyo. Wengine kila mmoja ana mhusika wake, anasema anachofanya. Jambo likiwa na shaka, dadu zinarushwa. Basi. Hakuna ubao wala kombe, ni hadithi mnayoitunga pamoja mkibishana.

Mwamuzi nilikuwa mimi. Walisema mwandishi ndiye anayejua kusimulia. Nadhani ukweli ni kwamba mimi ndiye niliyekuwa na bando la uhakika la ofisini.

Kwa zaidi ya miaka mitatu tulicheza Dungeons & Dragons, mchezo mama wa aina hii, uliotoka Marekani mwaka 1974. Tuliua mazimwi, tukaiba hazina, tukaua mazimwi tena. Mpaka Mhandisi akasema siku moja, "Jamani, sisi ni wazee sasa. Tumechoka kupigana kwenye mapango. Tutawale." Wote tukacheka, wote tukakubali. Mwalimu akapendekeza Kilwa Kisiwani ya karne ya 14: dhahabu ya Sofala, kasri la Husuni Kubwa lenye bwawa la pembe nane, sarafu za shaba zenye jina la sultani. Hakuna aliyepinga. Kwa nini tutawale nchi ya kubuni wakati tunayo ya kwetu, ambayo wengi wetu tuliisoma kwenye kitabu cha darasa, tukafanya mtihani, tukaisahau?

Tatizo likawa kanuni.

Kupigana kwa upanga ni rahisi kukitungia kanuni. Umepiga, umekosa, umeumia kiasi gani. Kutawala ni jambo la misimu na miaka, na humo ndani kuna kodi, mvua, wivu wa ndugu, bei ya pembe, mashua iliyochelewa. Huwezi kuyahesabu yote. Kila kitabu cha kanuni kinachagua vichache vya kuhesabu, vingine kinaviacha vipite. Wakati ule niliona hilo ni suala la wepesi tu: kipi kina hesabu chache, kipi hakitatuchosha.

Msimamo wangu ulikuwa kwamba hatuhitaji kitabu. Niliusomea kabisa. Niliwaambia kwamba maafisa wa jeshi la Prussia walikuwa na mchezo wa vita uliotungwa na Reisswitz mwaka 1824, wenye majedwali na dadu kwa kila risasi, hadi ukawa mzigo kuucheza. Mwaka 1876 mwenzao Verdy du Vernois akashauri majedwali yawekwe kando, mwamuzi mwenye uzoefu aamue mwenyewe matokeo. Nikawaambia pia kwamba mwaka 1969 huko Minnesota, David Wesely alimpa kila mchezaji mtu wake na haja yake ndani ya mji mmoja, akajikuta anaamua mambo yasiyo na kanuni yoyote, na kutoka hapo ndipo hii michezo yetu ikazaliwa. Kwa hiyo, nikahitimisha kwa sauti ya mtu anayefunga hoja, mwaminini mwamuzi.

"Mwamuzi ambaye ni wewe," alisema Wakili.

"Kwani nimewahi kuwaonea?"

"Hatujui. Dadu zako unarusha ukiwa umezima kamera."

Tukacheka. Mwalimu ndiye aliyeleta wazo la kupima. Kila mtu alete kanuni anazozipenda, alisema, halafu tuzipitishe zote kwenye tukio moja la kweli la Kilwa, tuone zinalibebaje. Tukio alilichagua yeye.

Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331. Sultani alikuwa Hasan bin Sulaiman, ambaye watu walimpa lakabu ya Abu al-Mawahib, yaani baba wa vipawa, kwa ukarimu wake. Msafiri huyo anasimulia kwamba Ijumaa moja, sultani akitoka msikitini, fakiri kutoka Yemen alimsimamisha njiani akamwomba nguo alizovaa. Si kesho, sasa hivi. Sultani akarudi, akaingia nyumba ya khatibu, akabadili, akampa. Watu wakamsifu sana. Mtoto wake, mrithi wa kiti, akazikomboa zile nguo kutoka kwa fakiri kwa kumpa watumwa kumi. Sultani aliposikia jinsi watu wanavyomshukuru, akaamuru fakiri aongezewe watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

"Haya," alisema Mwalimu. "Endesheni hilo."

Mhandisi alileta kanuni za mwaka 1984 za Dungeons & Dragons, zile za wahusika waliokwisha kupata himaya zao. Ni kanuni za mtu anayependa daftari. Unahesabu familia zilizomo kwenye ardhi yako, unajua kila familia inakuletea nini, na kuna kipimo cha imani ya watu kwa mtawala. Mhandisi akafungua jedwali lake, akalijaza haraka: pembe zimetoka, imani imepanda. "Safi. Familia hazijapungua."

Wakili alileta kanuni za Kingmaker, kampeni iliyotoka mwaka 2010. Huko ufalme una Uchumi, Uaminifu na Uthabiti, na kuna namba ya manung'uniko ambayo ikipanda sana nchi inakuponyoka. Kinachovutia ni kwamba wachezaji wanagawana vyeo: mweka hazina, jemadari, mkuu wa wapelelezi, na hata diwani ambaye kazi yake ni kufikisha ya wananchi barazani. Kiti cha diwani kikibaki wazi, ufalme unaadhibiwa. Wakili alikipenda kitabu hicho kwa sababu hiyo hasa. Naye akapiga hesabu: hazina imeshuka kidogo, Uaminifu umepanda, manung'uniko yamepungua. "Sultani amepata faida," alisema. "Huyu jamaa hakuwa mkarimu, alikuwa mwanasiasa."

Nesi alileta Pendragon, mchezo wa Greg Stafford wa mwaka 1985, wa mashujaa wa mfalme Arthur. Tulimcheka, Arthur na Kilwa wapi na wapi. Lakini akatueleza. Pale tabia ya mtu ndiyo inayohesabiwa. Ukarimu na uchoyo vinakaa kwenye mizani moja, jumla yake daima ni 20. Kimoja kikipanda, cha pili kinashuka. Ukitenda jambo la ukarimu mkubwa unawekewa alama pembeni, na mwisho wa mwaka unarusha dadu kuona kama tabia imekomaa. Mchezo unakwenda mwaka kwa mwaka, watu wanazeeka, watoto wanarithi. "Hasan anapata alama kwenye ukarimu," alisema Nesi. "Na akifa, anakuja mdogo wake Dawud, ambaye huyohuyo Ibn Battuta anasema alikuwa kinyume chake kabisa. Ombaomba wakija, Dawud anawaambia mtoaji amekufa. Mchezo huu unajua habari hiyo. Nyinyi na majedwali yenu hamuijui."

Nilikiri moyoni kwamba Nesi ametushinda. Zamu yangu ilipofika nikasema mimi sina cha kuonyesha, ningesimulia tu. Nikasimulia: jua la adhuhuri, vumbi, fakiri kafunga nguo za hariri kwenye kitambaa na kujitwika kichwani. Nilisimulia vizuri, naweza kusema hivyo.

Mwalimu alikuwa kimya muda wote.

"Na wale ishirini?" aliuliza.

"Ishirini wapi?" alisema Mhandisi.

"Kumi aliotoa mtoto wa sultani. Kumi aliotoa sultani. Wameingia safu gani?"

Tukarudi kuangalia. Kwa Mhandisi hawamo. Wao si familia, hawalipi chochote, wakitoka jedwali halitikisiki. Kwa Wakili walikuwa wamejumlishwa pamoja na pembe, kwenye gharama. Kwa Nesi walikuwa ndiyo ile alama ya ukarimu. Bila wao alama isingekuwepo. Na kwangu mimi, baada ya jua na vumbi na hariri, sikuwa nimewataja kabisa.

Hapo ningeweza kunyamaza. Badala yake nikafanya kile anachofanya mtu mwenye madaraka akishikwa. Nikaahidi.

"Hilo mniachie mimi dada," nilisema. "Mimi ndiye mwamuzi, nitawaangalia. Nitawapa hadithi yao. Mmoja anaweza kutoroka, mwingine akawa nahodha huko Aden. Sitawasahau."

"Yaani watategemea umeamkaje siku hiyo."

"Si hivyo bana. Ni mchezo tu."

"Huruma yako si kanuni," alisema Mwalimu. Akanyamaza kama mtu anayetafuta neno la kuongeza, akakosa, mraba wake kwenye kioo ukawa mweusi.

Tulibaki wanne. Mhandisi akasema labda mtandao. Tulijua si mtandao.

Wiki zilizofuata hatukucheza. Nilimwandikia ujumbe wa kuomba radhi, wa aina ile ya "samahani kama nilikukwaza", ambao mtu yeyote aliyewahi kuandikiwa anajua thamani yake. Ukaonekana umesomwa.

Nilichokuja kukielewa sikukielewa kwa kutafakari. Kilinikuta kazini. Mwezi wa tatu nilitumwa kuandika habari za kikao cha bajeti cha halmashauri moja nje ya Dar. Kulikuwa na fungu la kuhamisha soko la zamani kwenda eneo jipya, na kiambatisho chenye orodha ya wafanyabiashara watakaopewa vizimba. Nje ya ukumbi nilimkuta mama mmoja mkaanga samaki, ambaye anafanyia biashara ukingoni mwa soko, nje ya uzio. Aliniona na makaratasi. Akaniuliza, "Mwanangu, hebu nitazamie. Sisi hapo tumeandikwa wapi?"

Nikatafuta. Orodha ilikuwa ya wenye vizimba. Wakaanga samaki hawakuwa na vizimba, kwa hiyo hawakuwa kwenye orodha ya kupewa vizimba. Hakuna aliyewachukia. Nilipomuuliza afisa mmoja baada ya kikao, alinijibu kwa upole kabisa kwamba wale watafikiriwa kibinadamu.

Watafikiriwa. Niliandika neno hilo kwenye daftari na mkono ukasita, kwa sababu ile ilikuwa sauti yangu. Hilo mniachie mimi. Sitawasahau.

Jioni nikaandika habari yangu. Nafasi niliyopewa ilikuwa maneno mia nne. Niliweka kiasi cha fungu, tarehe ya kuhama, kauli ya mwenyekiti, kauli ya mfanyabiashara mwenye kizimba. Mama wa samaki alikuwa aya ya mwisho, na aya ya mwisho ndiyo inayokatwa ukurasa ukijaa. Ukajaa. Nilijua utajaa wakati naipanga habari ile. Nina miaka kumi katika kazi hii. Sikumdhulumu kwa kusema uongo wowote. Nilifuata tu mpangilio ambao mahali pake ndani yake palikuwa mwisho, halafu nikajisikia vizuri kwamba angalau nilimwandika.

Siku iliyofuata nilimpigia Mwalimu simu. Si ujumbe, simu. Nikamweleza habari ya mama wa samaki tangu mwanzo, na aya ilivyokatwa. Hakunipa pole wala hakunilaumu. Alinisikiliza, halafu akanieleza lake.

Bibi yake bibi yake, alisema, aliingia Kivinje kwa miguu akiwa mtoto, kwenye msafara uliotoka upande wa Ziwa Nyasa. Mwaka 1873 Sultani Barghash alikuwa amesaini mkataba na Waingereza wa kupiga marufuku biashara ya watumwa baharini, lakini mkataba haukuwarudisha makwao waliokwisha kuingizwa njiani, na Tanganyika utumwa wenyewe ulikuja kufutwa kisheria mwaka 1922. Yule mtoto akakulia Kivinje, akaolewa, akazaa. Ukoo mzima unamjua kwa jina alilopewa pale. Jina alilozaliwa nalo hakuna anayelijua. Nyumbani kwao jambo hilo halizungumzwi. Hata yeye aliambiwa mara moja tu, na bibi yake, wakichambua mchele.

"Najua ni miaka mia tano na zaidi baada ya Hasan," alisema. "Nafundisha historia, usidhani nachanganya karne. Lakini nilipowaona mnafurahia namba zinapanda, nikajiuliza, huyu bibi angekuwa safu gani? Nikaona ni ileile. Upande wa gharama."

Nikamuuliza tufanye nini. Niliogopa atasema tuwaondoe watumwa kwenye Kilwa yetu, tuifanye safi. Ingekuwa rahisi, na ingekuwa uongo.

"Hapana," alisema. "Nataka wawepo. Ila wasiwepo kwa ihsani yako."

Kanuni tulizokuja kuzichagua alizipata Wakili. Kitabu kinaitwa Reign, cha Greg Stolze, cha mwaka 2007. Kwa macho ya haraka ni kanuni nyingine tu za wafalme. Lakini msingi wake ni tofauti na vyote tulivyopima. Kitu kinachohesabiwa ni kundi. Kundi lolote la watu wanaotaka jambo pamoja: ufalme, chama cha wafanyabiashara, genge la wezi, madhehebu. Na makundi yote, makubwa kwa madogo, yanapimwa kwa namba tano zilezile. Tulizitafsiri usiku mmoja tukibishana: Nguvu, Hazina, Ushawishi, Ardhi, na ya tano tukaiita Mshikamano, yaani watu wa kundi wako tayari kusimama kwa ajili yake kiasi gani. Kundi linapotaka kufanya jambo, linajumlisha namba mbili na kurusha dadu za nyuso kumi kwa idadi hiyo. Unatafuta dadu mbili au zaidi zilizofanana.

Wakili alipotusomea hilo sote tulifikiri kitu kimoja, na hakuna aliyetaka kukisema mbele ya Mwalimu. Akakisema mwenyewe. "Basi wale ishirini ni kundi."

Nguvu kidogo. Hazina sifuri. Ushawishi sifuri. Ardhi sifuri. Mshikamano, tukaupa namba kubwa kuliko zote nne. Karatasi yao ikawa na mistari ileile mitano iliyo kwenye karatasi ya sultani wa Kilwa. Unaweza kuziweka mbili hizo bega kwa bega, ukaona dhuluma ilivyo bila mtu kuihubiri: huku namba zimejaa, kule sifuri zimepangana. Kwenye majedwali yetu ya kwanza hata hizo sifuri hazikuwepo. Nimekuja kuamini kwamba sifuri ni hatua kubwa. Mtu mwenye sifuri yumo. Unaweza kuuliza kwa nini ni sifuri na nani ana kilicho chake.

Tukaongeza kanuni mbili za kwetu. Kwanza, kundi lolote likitaka kumtoa, kumuuza au kumhamisha mtu wa kundi jingine, lazima lirushe dadu, na wale wanaoguswa wana haki ya kurusha za kupinga. Pili, mwamuzi anarusha dadu zake hadharani kwa programu ambayo kila mtu anaiona kwenye kioo. Kanuni hiyo ya pili niliipendekeza mimi. Wakili alinipongeza kwa sauti ambayo haikuwa ya pongezi.

Tukagawana. Mhandisi ni sultani. Wakili ni kadhi. Nesi ni mwanamke tajiri mwenye majahazi ya Sofala, anayewadai wote wawili. Mwalimu anaendesha kundi la watu ishirini.

Jedwali letu la mtandaoni lina mstari wa juu ulioandikwa "Jina la kundi". Mwalimu hakuandika jina la kundi. Aliongeza mistari, akaandika majina ya watu, mmoja mmoja, baadhi ya Kiyao, baadhi ya Kimakua, mengine sikujua ni ya wapi. Jedwali likarefuka mpaka karatasi ya sultani ikasogea chini ya kioo na Mhandisi akalazimika kushusha ili aione. Aliandika majina kumi na tisa. Mstari wa ishirini aliuacha wazi, hatukumuuliza.

Msimu wa kwanza tulianza pale pale tulipogombania. Ijumaa, msikiti, fakiri wa Yemen. Sultani akatoa nguo. Mtoto wa sultani, ambaye ninamwendesha mimi, akaja kuzikomboa kwa watu kumi. Hadi hapo hadithi ilikwenda kama ilivyoandikwa. Halafu ikasimama, kwa sababu kanuni ilitaka dadu.

Ikulu ilikuwa na dadu nane. Wale ishirini walikuwa na tatu.

Hesabu yake haihitaji Mhandisi. Dadu nane za nyuso kumi karibu kila mara zitatoa mbili zinazofanana. Dadu tatu, mara nyingi hazitoi. Nilibonyeza. Nane zikaanguka, saba tatu. Mwalimu akabonyeza zake: mbili, tano, tisa. Hakuna pacha.

Nitasema ukweli. Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye kipaza sauti. Nilikuwa na la kusema, na lingependeza: kwamba programu imekwama, turudie, kwamba khatibu anaingilia kati, kwamba fakiri mwenyewe anakataa. Waamuzi tunazo hila mia moja za namna hiyo, na zote huitwa huruma. Nesi alishaanza, "Jamani, si tungeweza..."

"Acha," alisema Mwalimu. "Zimeanguka zilivyoanguka."

Mhandisi, ambaye miezi miwili kabla alikuwa amesema "safi" kwa tukio hilohilo, alikaa muda bila kuongea. Sultani aliposikia watu wanamsifu, kitabuni, aliongeza watumwa kumi wengine. Ilikuwa zamu yake kuamua. Alisema sultani ataongeza pembe tu. Wakili akamuuliza kama ni huruma. "Sijui," alisema Mhandisi. "Nimeyasoma majina, nimeshindwa."

Mwalimu alifungua jedwali. Hakufuta mtu. Alikata mistari kumi, akafungua ukurasa mpya, akauita Yemen, akaibandika humo moja moja. Kisha akagawa namba za kundi katika mbili, akauliza msimu ujao unaanza mwezi gani, maana watu wa Yemen watahitaji kujua pepo zitageuka lini.

Mstari usio na jina aliubakiza Kilwa. Tunaendelea Jumamosi.